Dakika ya Arobaini na Moja

Olkokola, 4 Februari 2024

Mjukuu wangu Elizabeth,

Hujambo huko Mwanza? Umekula? Hilo nauliza kwanza, mengine baadaye. Nasikia samaki wa ziwa ni watamu, lakini mifupa yako ni ya kwetu, inataka maziwa. Mama yako naye msalimie sana, hata kama yeye hanisalimii.

Sisi huku wazima. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Mvua bado, tunalima kwenye vumbi na kumwomba Mungu. Paa la kanisa limemalizika, sasa tunaimba bila kutazama juu. Mwalimu Catherine, ambaye ndiye mkono wangu wa kuandikia, amestaafu na hana tena watoto wa kuwagombeza, kwa hiyo ananigombeza mimi. Unajua sikuingia darasani hata siku moja. Nasema, yeye anaandika, kisha ananisomea. Akipamba, namfutisha.

Sasa filamu zako, ulizotafsiri. Flashi niliipata kwa konda wa basi, umeifunga kwenye soksi kama dawa ya kienyeji. Ijumaa nilipompelekea Nalini maziwa kule Kijenge tukaziangalia zote mbili. Mimi na Nalini tumezeeka pamoja, miaka thelathini namletea maziwa mlangoni. Zamani nilikuwa naishia jikoni. Sasa mumewe amefariki, watoto wamehamia Kanada, na mimi nakaa kwenye kochi lake kubwa na miguu juu.

Ile ya Kihindi ni nzuri nusu. Ndugu wawili wanapotezana wakiwa wadogo, wakikutana ukubwani wanapigana kwanza ndipo wanatambuana. Hapo nililia. Lakini kila watu wakipendana mvua inanyesha, na hakuna anayekimbia kuanua nguo. Nyumba ina vyumba ishirini, sikuona mtu akifagia hata kimoja. Na mama yao! Mama gani anakaa miaka yote anaimba mbele ya sanamu badala ya kufunga kanga kiunoni akamtafute mwanawe?

Ile ya mizimu ni mbaya. Mzimu mzima unakaa kabatini unasubiri watu waje kuvaa! Nalini alijifunika uso kwa sari, nikawa namhadithia mimi. Nilichopenda ni kule mwisho, unaposoma majina ya wote waliofanya kazi mpaka waliopika chai. Watafsiri wengine wanakata.

Ila Nalini ana kesi na wewe. Kihindi anakijua. Pale baba anapomfukuza yule kijana, Nalini aliruka: "Naipanoi, mjukuu wako mwongo! Baba amesema toka nyumbani kwangu, yeye ameweka nenda mwanangu, nakuombea." Niambie kwa nini uliweka hivyo.

Umesema tena nipokee simu. Sipokei. Imo kwenye kopo, haina chaji, na iendelee kulala. Barua zinatosha.

Mimi Koko wako.


Mwanza, 2 Machi 2024

Koko wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua unataka niseme takwenya kama mtoto wa Kiarusha, basi takwenya, Koko, na mimi mwenyewe nakuitikia kwa niaba yako: iko! Nimekula. Juzi nimekula mara mbili. Mama hajambo, amefungua genge la mboga, na amesema nikuandikie kwamba salamu zako amezipata. Hilo kwake ni jambo kubwa, usilicheke.

Hongera ya ndama. Mpe jina zuri, usimwite Tatu tena. Una Tatu wangapi?

Kesi ya Mama Nalini nakubali, nina hatia. Koko, kazi yetu hii watu wanadhani ni kelele tu. Nakaa kwenye kichumba huku Igoma, godoro limeegemezwa ukutani kuzuia pikipiki zisisikike, na kipaza sauti ninacho mdomoni. Filamu inaenda na mimi nasema juu yake kwa Kiswahili, mtu mmoja kwa wote: baba, mama, polisi, mtoto. Ya Kihindi nasaidiwa na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini. Pale baba anapomfukuza mwanawe nilijaribu mara nne kusema alivyosema. Sauti haikutoka. Nikaweka nyingine.

Sasa jambo lenyewe. Tafadhali soma mpaka mwisho, yaani Mwalimu Catherine asome mpaka mwisho.

Kuna mteja ameniletea filamu ya Wazungu nitafsiri. Mzungu anamtafuta kaka yake aliyepotea mlimani. Wameipigia Momela, ziwa lile nalijua kutoka kwenye picha uliyonayo ukutani. Filamu yenyewe ni ya kawaida, Mzungu anatembea sana na kutafakari. Lakini dakika ya arobaini na moja mpagazi mmoja anakufa, amelala kwenye nyasi. Koko, ni baba. Ni baba yangu, Lengai mwanao. Ameshikwa na rafiki yake, rafiki ameinamisha uso anamlilia mpaka mabega yanatetemeka, na baba anasema maneno kwa Kimaa. Maandishi ya chini yanasema: "Niacheni hapa, endeleeni na safari." Lakini anasema maneno mengi kuliko hayo. Mimi nimeshika neno moja tu, yeyo. Mama. Nimerudisha nyuma sijui mara ngapi.

Uliponiambia mwaka ule wa msiba kwamba alifanya kazi na watu wa sinema hukusema zaidi, na mimi sikuuliza. Sasa nauliza. Nikikutumia, utaniambia anasema nini? Nilihamishwa huku nikiwa na miaka sita. Baba kwangu alikuwa simu ya Krismasi. Hizo sekunde ishirini ni nyingi kuliko nilizonazo.

Wako,
Eliza


Olkokola, 24 Machi 2024

Elizabeth,

Tumepata barua. Tuko wazima. Mvua imekuja sasa, na imekuja kama mtu aliyechelewa arusi, kwa vurugu. Daraja dogo la kwenda Ngaramtoni limekwenda na maji. Ndama nimemwita Tatu.

Nalini alikodi filamu ya Wachina kwa kijana wa mtaani, si ya kwako. Mtafsiri wake anapiga kelele kama mnada wa mbuzi. Watu wanaruka juu ya miti, sawa, nimekubali. Lakini kuna mzee wa ndevu nyeupe anawafundisha vijana kupigana miaka kumi, anawanyima chakula, anawamwagia maji ya baridi, na wote wanampenda. Akifa wanalia mpaka mvua inanyesha tena. Mimi nilimwambia Nalini, huyo mzee ana bahati, amewagombeza na wakarudi. Ile filamu ni nzuri kwa mapigano, kwa maisha ni ya uongo.

Sasa sikiliza. Jina uliloandika usiliandike tena. Mwalimu Catherine alipolisoma kwa sauti nilitoka nje nikamwacha na karatasi yake. Wewe umekulia mbali, hukuambiwa, kwa hiyo sikukasirikii, nakufundisha. Kwetu, mtoto akiondoka kabla ya mama yake, mama halitaji tena jina lake, na watu hawalitaji mbele yake. Mchungaji anasema hiyo ni ya zamani. Mchungaji hajazika mtoto. Nalini, mtu wa dini nyingine kabisa, alikuwa ananiita mama wa fulani kwa miaka thelathini, na tangu siku ile ananiita Naipanoi tu. Yeye ameelewa bila kufundishwa.

Ungekuwa karibu ungeuonja mwiko wangu wa uji. Baba yako aliuonja mpaka ana ndevu.

Hiyo filamu nyingine usinitumie.

Koko wako.


Mwanza, 5 Mei 2024

Koko,

Shikamoo. Natumaini mvua haijagusa nyumba. Huku ziwa limepanda, genge la mama liliingia maji, tumelihamisha.

Nilikaa wiki tano bila kukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa na hasira. Hii pia ina hasira kidogo, unisamehe. Jina sitaliandika. Lakini nilikuja kwenye msiba, Koko. Nilisafiri siku nzima, nikakukuta umekaa kwenye kigoda, macho makavu, unawaelekeza watu wapi wapike. Hukulia. Watu walinong'ona na mimi nilinong'ona nao. Nikajiambia, bibi huyu hakumpenda. Kisha nikarudi Mwanza na ukaanza kunitumia salamu, na mimi flashi, na tukawa tunaongea habari za Wahindi na Wachina. Miaka mitatu nakujua kwa filamu tu. Najua unachukia makabati yenye mizimu. Sijui kama ulimpenda baba yangu.

Nimeshaitafsiri. Mteja alikuwa anaidai. Nimeitia kwenye flashi na nimeituma hata kama umekataa. Ukitaka kuitupa chooni, itupe.

Eliza


Olkokola, 14 Julai 2024

Mjukuu,

Hujambo? Baridi huku ni ya kuvunja meno. Asubuhi Meru hauonekani mpaka saa tano. Nimevaa makoti mawili na bado Mwalimu Catherine ananicheka. Ng'ombe wanatoa maziwa kidogo.

Tumeangalia ile ya Wakorea, sehemu kumi na sita, Ijumaa nane nzima. Mama mkwe anammwagia binti maji usoni. Sehemu ya nne anammwagia tena. Nalini akasema hawa wana shida ya glasi, sio ya ndoa. Binti mzuri lakini analia kila akipanda ngazi. Kijana hana kazi anayofanya, anavaa tai tu. Mwisho mama mkwe anaomba msamaha hospitalini na wote wanakumbatiana. Mbaya. Mtu aliyemwaga maji mara mbili haombi msamaha kirahisi hivyo, na kama ataomba, atachelewa.

Sina zaidi.

Koko wako.

Eliza, hapa ni mimi Catherine, bibi yako ametoka kwenda zizini. Flashi yako ipo. Haijatupwa. Ameiweka kwenye kopo la sukari pamoja na simu, na kila siku analifungua kopo, anaangalia, analifunga. Chai ya sukari anakunywa kwangu. Sikukuambia.


Mwanza, 18 Agosti 2024

Koko,

Shikamoo. Sote wazima, mama anakusalimu, safari hii kwa kweli.

Sina habari ya filamu leo. Nataka kusema kitu kimoja. Niliposema hukumpenda nilikuwa nakuchokoza ili unijibu. Haikuwa haki. Ile filamu watu wa huku wameiona, wamesema mpagazi alikufa vizuri, ndivyo walivyosema, alikufa vizuri. Nikaenda chooni nikakaa huko.

Sitakusumbua tena kuhusu maneno yake. Nilitaka tu kujua baba yangu alikuwa mtu wa namna gani.

Eliza


Olkokola, 15 Septemba 2024

Elizabeth mwanangu,

Umekula? Kaa chini usome hii umekaa.

Ijumaa nilichukua flashi kwenye kopo, nikaifunga kwenye ncha ya kanga, nikaenda Kijenge bila maziwa. Nalini alipofungua mlango akatazama mikono yangu mitupu akajua. Aliweka maji ya chai, akafunga mapazia, akakaa karibu yangu kuliko siku zote.

Filamu yenyewe kwanza, maana tumezoeana hivyo. Haifai. Mzungu anatembea dakika thelathini hajasalimia mtu. Mlima wetu wameupiga vizuri, huo ndio ukweli, na wale ndege wa Momela wakiruka ziwa linakuwa kama limevuliwa nguo. Lakini wapagazi hawana majina. Wanaitwa wewe, na wewe, na twende.

Halafu akatokea. Elizabeth, sina picha yake akiwa mkubwa. Ile ya ukutani ana miaka tisa, amesimama nyuma ya ndama pale Momela kwa mjomba wake. Kwenye TV alikuwa mkubwa kuliko mlango. Alikuwa na ile namna yake ya kupandisha bega moja akibeba mzigo. Nalini alinishika mkono, nikamwambia uache, akaendelea kuushika.

Wakamlaza kwenye nyasi. Wamempaka damu kifuani. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti yako: "Mama, nisamehe."

Nalini akaanza kulia. Mimi nikasema, rudisha nyuma. Akarudisha. "Mama, nisamehe." Nikasema tena. Mara kumi na moja. Kwa sababu chini ya sauti yako kuna mtu mwingine anaongea, kama mtu aliye chumba cha pili, na maneno yake ni marefu, na hayaendi hivyo. Wewe umemfunika.

Halafu yule hakuwahi kuomba msamaha maisha yake yote. Akivunja chungu, hasemi. Utasikia tu shoka nyuma ya nyumba, anakuchanjia kuni za wiki mbili. Huo ndio uliokuwa msamaha wake. Umeuliza alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa wa namna hiyo.

Sasa nakuambia nisilomwambia mtu. Mwalimu Catherine, andika, usinitazame.

Mwaka ule jirani alirudi kutoka Momela akasema, nimemwona mwanao amelala amepakwa damu, Wazungu wanamzunguka na mashine, anajifanya amekufa. Kwetu kifo hakichezewi. Mtu halali chini akajifanya maiti, ni kama kujipigia hodi kaburini. Nikampigia simu. Akacheka. "Yeyo, ni mchezo tu." Nikamwambia: kama umependa kulala na wafu, lala huko huko, usirudi kwangu. Akaacha kucheka. Nikakata.

Hayo ni maneno ya mama, Elizabeth. Hayarudi mdomoni.

Alipiga tena siku zilizofuata, sikupokea. Ikawa miezi miwili. Nilikuwa nataka aje mwenyewe. Nilikuwa nasikiliza shoka nyuma ya nyumba. Ikaja baridi ya Agosti, akashuka mlimani kwenye kazi yake ya mizigo, anaumwa kifua, akalazwa siku nne, mimi sijui. Asubuhi ya siku ya nne simu iliita mara tatu. Nilikuwa nakamua. Mikono ilikuwa na maziwa, ningeweza kuifuta. Nikasema, acha iite, ajifunze. Jioni mchungaji akaja, amevua kofia tangu getini.

Kwa hiyo sikulia mbele yenu. Ningelia kwa haki gani?

Nitumie nyingine ambayo haina sauti yako. Nitasikia alichosema, hata kama ni laana. Ni yangu.

Koko wako.


Mwanza, 29 Septemba 2024

Koko,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimesoma nimekaa chini kama ulivyosema, na nikabaki hapo chini.

Ni kweli, nilitunga. Nilisikia yeyo na nikajaza mengine mwenyewe. Nilitaka awe amekuomba msamaha, na nilitaka wewe usikie. Nadhani nilitaka pia aniombe mimi, kwa hizo Krismasi. Nimemfunika, ni kweli. Hakuna mtu amewahi kunisema hivyo kuhusu kazi yangu na kuwa na haki.

Hii ndiyo safi. Sauti yangu haimo. Sijui anasema nini, Koko, na kama ni kibaya usiniambie, sema tu ilikuwa habari ya mlima. Nitaelewa.

Eliza wako


Olkokola, 20 Oktoba 2024

Mjukuu wangu, mifupa yangu,

Huku kwema. Ukame, lakini kwema. Tatu mdogo ameachishwa kunyonya na analalamika kijiji kizima kinasikia. Mwalimu Catherine ana mafua, ukiona mwandiko umelegea ni hayo. Mama yako mwambie nimepokea salamu, na dagaa, na umuulize aliwapikaje wakafika hawajavunjika.

Tumeangalia.

Nalini alikuwa amealika mtu bila kuniambia. Alimwalika Lerionka. Humjui. Ndiye yule rafiki anayemshika baba yako kwenye filamu, yule uliyesema anamlilia mpaka mabega yanatetemeka. Siku hizi analinda geti la ofisi moja hapo hapo Kijenge, na Nalini alimtambua usoni siku ile ya kwanza, akanificha. Nilipomkuta kwenye kochi nilitaka kugeuka. Akasimama akaniinamishia kichwa nimguse, kama mtoto. Nikamgusa. Ningefanyaje?

Nalini akaweka dakika ya arobaini na moja. Nikamwambia Nalini apandishe sauti mpaka mwisho. Majirani wasikie, sijali.

Sasa nakutafsiria mimi. Leo mimi ndiye mtafsiri, wewe kaa kwenye kochi. Baba yako amelala kwenye nyasi, damu ya rangi kifuani, amefumba jicho moja. Anasema hivi:

"Lerionka, acha kunicheka, utaniharibia. Yeyo akipita hapa akaniona nimelala saa saba mchana, atanichapa na mwiko wa uji mbele ya hawa Wazungu wote. Akiuliza, mwambie nilikuwa natafuta ng'ombe."

Basi. Ndiyo hayo tu. Kisha anafumba na jicho la pili.

Lerionka anasema yule Mzungu mkubwa aliwaambia, semeni chochote kwa lugha yenu, sisi tutaandika chini. Hakulia, Elizabeth. Yale mabega ni kicheko. Alikuwa amezika uso kwa baba yako ili asionekane anacheka, na Wazungu wakapiga makofi, wakasema amelia vizuri sana, wakampa soda.

Mimi nilicheka. Sijui ilitoka wapi. Nilicheka mpaka kilemba kikaanguka, na Lerionka akacheka, na Nalini ambaye hakuelewa neno akawa analia na kuuliza, "Amesema nini? Naipanoi, amesema nini?" Nikajaribu kumwambia kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye ng'ombe sikuweza kumaliza. Hapo ndipo nililia. Nililia ya miaka mitatu, kwenye kochi la watu, na chai ikapoa.

Nisikudanganye, haijaondoa kitu. Yale niliyomwambia kwenye simu nilimwambia baada ya hapo, na mara tatu ile simu iliita. Nitakwenda nayo kaburini. Lakini nilikuwa nadhani siku ile alilala pale akakiita kifo kwa mdomo wake. Kumbe alilala pale ananiogopa mimi na mwiko wangu, mwanamume wa ndevu. Alijua nampenda. Mtu hamwogopi hivyo mama asiyempenda.

Kazi yako sasa. Itafsiri upya. Weka maneno yake kama nilivyokupa, usiongeze hata moja, usitie msamaha, usitie Mungu. Watu wa mabanda ya video wakicheka mtu anapokufa, waache wacheke, ndivyo ilivyokuwa.

Na kule mwisho. Lerionka alinisomea majina yanayopanda. Yupo mpaka aliyeendesha gari la vyakula. Baba yako wamemwandika "mpagazi wa kwanza". Wewe huwa unasoma majina yote kwa sauti, ndicho kilichonifanya nipende kazi yako tangu mwanzo. Ukifika hapo usisome mpagazi wa kwanza. Soma jina lake. Mwalimu Catherine ameniuliza mara mbili kama aliandike kweli hapa chini, kalamu ameishika juu. Nimemwambia andika, na uandike kwa herufi zinazosomeka.

Simu nimeitoa kwenye kopo, iko kwa Mwalimu inachajiwa. Piga asubuhi. Nikiwa nakamua, nitafuta mikono.

Nakungoja,
Mama Lengai